Kiwiko kinachouma: kwa nini sindano haimalizi tatizo la madereva na wapakiaji

KAMPALA – Si jambo la ajabu katika mitaa ya biashara ya jiji hili kumkuta mpakiaji anayebeba magunia ya kilo 50 begani tangu asubuhi hadi jioni, lakini akifika nyumbani hawezi kuinua birika la chai bila kukunja uso. Wapo pia madereva wanaofikisha lori kutoka Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, kisha wakashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Wakiulizwa wanaumwa wapi, wengi huonyesha mahali pamoja: upande wa nje wa kiwiko, penye mfupa uliojitokeza, na maumivu hushuka kwenye kigasha hadi karibu na kifundo cha mkono.

Madaktari huliita tatizo hili kiwiko cha tenisi. Jina hilo huwachekesha watu wa Kikuubo na Owino, ambao wengi wao hawajawahi kushika raketi, ingawa malori yanayoingia kwa barabara ya Jinja hupita jirani na viwanja vya tenisi vya Lugogo. Kwa kweli hata katika vitabu vya tiba mchezo ulikuja baadaye. Daktari Mjerumani aliyeitwa Runge, ambaye maelezo yake ya mwaka 1873 ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza, alikuwa akizungumzia watu walioumia mikono kwa kazi ya kuandika. Jina la tenisi lilitoka Uingereza katika miaka ya 1880, mchezo huo ulipoanza kupata umaarufu.

Inakadiriwa kwamba kati ya watu wazima 100, mmoja hadi watatu hupata tatizo hili, hasa walio kati ya miaka 35 na 55. Huo ndio umri ambao dereva amekwisha kuaminiwa na tajiri wake, na mfanyabiashara ana watoto shuleni na mkopo benki. Akisimama kazi miezi mitatu, mambo mengi husimama pamoja naye. Ndiyo maana wengi hutafuta dawa ya haraka, na hapo ndipo hasara huanzia.

Kinachoharibika ndani ya mkono

Misuli inayoinua kiganja kwenda juu na kufungua vidole iko upande wa nyuma wa kigasha. Yote hukutana na kushikwa kwenye mfupa wa nje wa kiwiko kwa kano, yaani kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Watu wengi hudhani kwamba mtu anapokamata kitu kwa nguvu ni misuli ya upande wa kiganja tu inayofanya kazi. Sivyo. Ili vidole viweze kufumba kwa nguvu, misuli ya nyuma lazima ikaze kifundo cha mkono kisikunjike. Kwa hiyo kila mara mtu anapokamata kamba, spana, usukani au mdomo wa gunia, kano ya kiwiko cha nje nayo inavutwa.

Kano ikivutwa kuliko ilivyozoea, siku baada ya siku, bila nafasi ya kujijenga, nyuzi zake hupoteza mpangilio. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tatizo ni uvimbe wa ndani unaohitaji kupozwa kwa dawa. Lakini mwaka 1979 daktari wa upasuaji Mmarekani Robert Nirschl na mwenzake walieleza walichokiona katika kano walizozifanyia upasuaji. Badala ya uvimbe wa kawaida walikuta nyuzi zilizovurugika na kuchakaa. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mgonjwa, kwa sababu uvimbe hupozwa, lakini kano iliyochakaa inatakiwa ijengwe upya, na kano haijengwi na kidonge.

Kazi za njia ya biashara ya Kaskazini zinaonekana kama zimetengenezwa kwa ajili ya kuichosha kano hii. Utingo hukaza kamba za turubai mvuani. Nati za magurudumu hufunguliwa kwa spana zikiwa zimeshika kutu. Dereva hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto na kuushikilia usukani kwa nguvu kwenye barabara mbovu, huku mtikisiko ukipanda mkononi. Wapakiaji hunyanyua magunia kwa kuyashika pembe, viganja vikitazama chini, na wauza mitumba huburuta marobota ambayo kwa kawaida yana kilo 45 hivi. Katwe kuna nyundo, na katika maduka ya nyama kuna panga. Hata karani wa wakala wa forodha, asiyebeba kitu kizito kuliko faili, anaweza kuupata ugonjwa huu kwa kushika kipanya cha kompyuta saa 10 kwa siku.

Sindano na hesabu yake

Njia inayopendwa na watu wenye haraka ni sindano ya steroidi inayochomwa kwenye kiwiko. Haikatazwi, na si uongo kwamba inaondoa maumivu. Tatizo lake huonekana baadaye.

Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uholanzi kwa wagonjwa 185. Waligawanywa makundi matatu: waliochomwa sindano, waliopewa tiba ya viungo, na walioshauriwa kungoja tu huku wakipunguza kazi zinazoumiza. Baada ya wiki 6, asilimia 92 ya waliochomwa sindano walikuwa wamepata nafuu, dhidi ya asilimia 47 ya tiba ya viungo na 32 ya waliongoja. Mtu akiishia hapo, ataona sindano imeshinda. Lakini baada ya wiki 52 hesabu ilikuwa imegeuka: tiba ya viungo asilimia 91, waliongoja asilimia 83, na sindano asilimia 69.

Utafiti mwingine, uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2006 kwa wagonjwa 198, ulikuta mambo yale yale. Katika kundi la sindano, asilimia 72 ya waliopata nafuu walirudiwa na maumivu baadaye. Mwaka 2013 utafiti wa tatu, pia wa Australia, ulionyesha tena kwamba waliochomwa sindano walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya mwaka mmoja.

Sababu moja inaeleweka kwa urahisi. Maumivu yakiondoka, mwenye kiwiko hurudi kwenye mizigo ile ile wakati kano yake bado ni mbovu. Zaidi ya hapo, steroidi yenyewe inaweza kuidhoofisha kano, hasa ikichomwa mara kwa mara. Dereva anayechomwa Mombasa, akachomwa tena Kampala, na mara ya tatu Kigali, kila mahali na daktari asiyejua habari za mwenzake, yumo hatarini kuliko anavyodhani. Akitakiwa kuchomwa, ni haki yake kumwambia daktari amekwisha kuchomwa mara ngapi na lini.

Vidonge vya diklofenaki, ambavyo hununuliwa njiani kama peremende, vinaweza kutuliza kwa siku chache. Kuvimeza wiki baada ya wiki huleta vidonda vya tumbo na madhara kwenye figo, hasa kwa mtu anayekaa juani bila kunywa maji ya kutosha. Dawa ya kupaka ya aina hiyo hiyo ina hatari ndogo zaidi.

Takwimu za Uholanzi zina jambo jingine ambalo wenye kuuza tiba huwa hawalisemi: wengi waliongoja tu nao walipona. Ni kweli kwamba kiwiko hiki mara nyingi hupona chenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Lakini wale waliongoja walipunguza kazi. Mpakiaji wa Kisenyi anayelipwa kwa siku hana mwaka wa kungoja, na maumivu yaliyokwisha kupita miezi sita bila kupungua huonyesha kwamba kano haipati nafasi ya kujitengeneza. Hapo ndipo mazoezi yanapokuwa na maana zaidi.

Kuhakikisha ni ugonjwa huo

Jaribio rahisi ni kunyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, kisha kuinua kiganja juu huku mtu mwingine akikizuia kwa kukisukuma chini. Maumivu yakichoma kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, kuna uwezekano mkubwa ni kano hii. Kuinua kiti kwa kushika mgongo wake, kiganja kikiwa chini, huleta maumivu yale yale.

Yapo maumivu yanayofanana nayo ambayo yanahitaji tiba nyingine. Ganzi katika kidole cha mwisho na cha pete hutokana na neva inayopita upande wa ndani wa kiwiko, na huwapata madereva wanaoegemeza kiwiko dirishani safari nzima. Maumivu yanayoanzia shingoni yakashuka mkono wote yanaweza kuwa ya uti wa mgongo. Kiwiko kilichovimba na kuwa cha moto, kilichoumia kwa kuanguka, kisichonyooka kabisa, au kiganja kinachoning'inia bila kuinuka, si cha kufanyia mazoezi ya nyumbani. Mwenye dalili hizo aende hospitali kwanza.

Mazoezi, hatua kwa hatua

Wataalamu wa tiba ya viungo huanza na zoezi ambalo halina mwendo. Mgonjwa huweka kigasha juu ya meza au paja, kiganja kikiwa chini na kifundo kimenyooka nje ya ukingo. Kwa mkono wa pili anasukuma mgongo wa kiganja kwenda chini, na mkono mbovu unakataa kushuka. Hakuna kinachosogea. Anashikilia hivyo sekunde 30 hadi 45, anapumzika dakika moja, na kurudia mara nne au tano. Zoezi hili linaweza kufanyika ndani ya lori lililosimama kwenye foleni ya Malaba, na kwa watu wengi hutuliza maumivu kwa muda.

Baada ya wiki moja au mbili, kama maumivu yameanza kukubali, huja uzito. Hapa hakuna haja ya vyuma vya kununua. Chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa ina nusu kilo, na ya lita moja ina kilo moja. Ikijazwa mchanga mkavu badala ya maji, chupa ya lita moja hupita kilo moja na nusu. Kigasha kinakaa mezani kama awali, chupa mkononi. Mkono mzima unasaidia kuinua kiganja juu, kisha mkono mbovu peke yake unaishusha chupa polepole, kwa kuhesabu hadi nne. Kushusha huko ndiko kunakoifundisha kano kubeba tena. Hufanywa mara 10 hadi 15, kwa mizunguko mitatu, siku moja na kupumzika siku inayofuata, au kila siku kama mtaalamu ameelekeza hivyo. Mizunguko yote mitatu ikipita bila taabu, uzito unaongezwa kidogo.

Zoezi la kukamua taulo linafuata. Taulo lililokunjwa linashikwa kwa mikono miwili na kuzungushwa kama linakamuliwa maji, kisha mkono mbovu unaachia polepole. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walieleza zoezi la namna hii kwa kutumia fimbo ya mpira, wakapata matokeo mazuri. Taulo si sawa kabisa na fimbo hiyo lakini kazi inayofanyika inakaribiana.

Nguvu ya kukamata hujengwa kwa kubana mpira mdogo au sponji, kwanza kiwiko kikiwa kimekunjwa, baadaye kikiwa kimenyooka, kwa sababu mkono ulionyooka huivuta kano zaidi. Wengi hukosea hapa. Hubana mpira mgumu kwa hasira mara mia kwa siku wakidhani wanaongeza nguvu, na kiwiko huwaka upya. Kubana kuwe kwa kiasi ambacho hakileti maumivu makali, na kila kubana kuende pamoja na kufungua: kipande chembamba cha tyubu ya tairi, kama vile wanavyotumia bodaboda kufungia mizigo, kinavishwa kuzunguka vidole vyote vitano, kisha vidole vinafunguliwa dhidi yake. Hospitali zina kipimo maalumu cha nguvu ya kukamata. Kinachotazamwa si nguvu yote ya mgonjwa bali ni kiasi anachoweza kukamata kabla maumivu hayajaanza, kikilinganishwa na mkono wa pili.

Bega nalo lisisahauliwe. Bega likiwa dhaifu, kiwiko ndicho hulipa. Tyubu ile ile ikifungwa kwenye mlango wa lori, mgonjwa anaweza kuivuta kuelekea kifuani, viwiko vikiwa karibu na mbavu, mara 10 hadi 15.

Hatua ya mwisho ni kuurudia mzigo wenyewe. Jerikani inashikwa kwa mkono ulioning'inia ubavuni, kiganja kikitazama mwili, na mtu anatembea nayo hatua 20 au 30. Aanze na lita 5, afike 10, na kwa wiki kadhaa afike 20. Asiyeweza kutembea na jerikani ya lita 20 bila maumivu hajawa tayari kuvuta magunia kwa pembe.

Kanuni inayotumika katika mazoezi yote ni hii: maumivu kidogo yanaruhusiwa. Kama kumi ndiyo maumivu makubwa kabisa, yasizidi matatu au manne wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi kiwiko kiwe kimerudi kilivyokuwa. Kikiamka kibaya zaidi, uzito ulizidi na urudishwe nyuma. Mtu anayesubiri maumivu yaishe kabisa ndipo aanze mazoezi husubiri bure, na anayefanya kwa kukaza meno hujirudisha mwanzo.

Yote haya huchukua kati ya wiki 8 na 12 kabla ya mabadiliko ya maana kuonekana, na kwa kiwiko cha zaidi ya mwaka huenda yakachukua muda mrefu zaidi. Wiki mbili za kwanza hazionyeshi kitu. Ndipo wengi huacha na kurudi kwenye sindano.

Kuendelea na kazi huku mtu akijitibu

Kupumzika kabisa hakutakiwi, kwani kano isiyotumika hudhoofika. Kinachotakiwa ni kubadilisha namna ya kushika. Mzigo ushikwe viganja vikitazama juu au vikitazamana, uwe karibu na mwili, kiwiko kimekunjwa kidogo. Katoni ibebwe kwa kukumbatiwa chini badala ya kubanwa pembeni. Bomba refu likivishwa kwenye spana ya magurudumu hupunguza nguvu ya mkono, lakini lisukumwe kwa uzito wa mwili, bila kushtua. Glovu nene sana humlazimisha mtu kukamata kwa nguvu zaidi. Usukani ushikwe kwa wepesi pale barabara inaporuhusu.

Mkanda wa kiwiko unaouzwa madukani hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu wakati wa kazi. Ufungwe vidole viwili au vitatu chini ya mfupa unaouma, si juu ya mfupa wenyewe, na uvuliwe wakati wa kulala. Hauponyi, ni wa kuvusha siku. Kukandwa na mtu mwenye mkono mzuri hutuliza pia, ila kukanda bila mazoezi huishia hapo hapo.

Kwa upande wa wenye mizigo, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa mikono. Gunia la kilo 100 au zaidi, ambalo bado linaonekana kwenye nafaka, linavuka kiasi hicho karibu mara mbili hata likibebwa kwa ustadi. Mwenye lori anayehesabu faida ya kujaza magunia makubwa ahesabu pia siku ambazo kundi lake la wapakiaji linapungua watu. Uganda ina sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inayomtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, ingawa mpakiaji asiye na mkataba huwa hajui wa kumshika ni nani.

Mahali pa kupata tiba

Hospitali ya rufaa ya Mulago ina idara ya tiba ya viungo, na hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, barabara ya Entebbe, inajulikana kwa kazi za mifupa na viungo. Uganda iliondoa ada katika hospitali za serikali mwaka 2001, isipokuwa upande wa wagonjwa wa kulipia, kwa hiyo gharama kubwa kwa wengi ni nauli na siku ya kazi inayopotea kwenye foleni.

Dereva wa safari ndefu hawezi kuhudhuria kila wiki, na hilo lisimzuie kuanza. Amweleze mtaalamu mapema kwamba atakuwa barabarani, aombe mazoezi yaandikwe pamoja na uzito na idadi, ayafanye mbele yake mara moja ili asahihishwe, kisha arudi kila anapopita Kampala, hata kama ni baada ya wiki tatu au nne. Karatasi hiyo hiyo inaweza kuonyeshwa kwa mtaalamu wa Mombasa au Kigali. Aandike ndani yake tarehe na uzito aliofikia, na sindano yoyote aliyochomwa.

Wale ambao kiwiko hakibadiliki baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya mazoezi yaliyofanywa sawasawa wanaweza kupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa mifupa. Ni wachache wanaofika huko, na hata baada ya kukatwa kano mbovu, mgonjwa hurudi kwenye chupa ya maji ya nusu lita na kuanza upya.